Mvuvi asiye na shombo

Mama mdogo wangu ameishi na mvuvi zaidi ya miaka thelathini, huko Kilifi. Desemba iliyopita nilikwenda kumuuguza mama mdogo alipovunjika mguu, na jioni moja nikamwekea filamu ya Brokeback Mountain kwenye kompyuta, nikawa namtafsiria. Sikumweleza mapema inahusu nini. Nilisema tu kuna vijana wawili, Ennis na Jack, wamepata kibarua cha kuchunga kondoo milimani, Wyoming, Marekani, kiangazi cha 1963. Ilipofika ile sehemu ya hemani, vijana wale wanapolala pamoja kama wapenzi, alivuta leso akajifunika uso. Nikanyoosha mkono nizime. Akasema, "Iache, nasikiliza."

Ennis akaoa, akapata mabinti wawili. Jack naye akaoa, huko Texas. Baada ya miaka minne ikaja postikadi, wakaonana tena, na tangu hapo Ennis akawa anamuaga mkewe Alma kwamba anakwenda kuvua na rafiki yake. Anaondoka, anarudi, anaondoka tena. Mama mdogo akajiinua kitandani, leso imeshaanguka mabegani. "Mwanangu, huyu katoka kuvua, mbona hana shombo? Mkewe hanusi? Baba yako mdogo akirudi, hajafika mlangoni nishajua kapata nini."

Filamu yenyewe ilikuwa haijatoboa siri. Inatoboa baadaye, ndoa imeshavunjika na Alma ameolewa na mwenye duka la vyakula. Ennis amealikwa kula nao Siku ya Kushukuru. Wamebaki wawili jikoni, Alma anaosha vyombo, na ndipo anapolitoa lililomkaa moyoni miaka yote hiyo. Usiku mmoja aliufungua mkoba wa vifaa vya uvuvi wa mumewe, akakuta kibandiko cha bei bado kipo, miaka mitano tangu ununuliwe. Akaandika kijikaratasi cha kumwomba alete samaki nyumbani, akakifunga kwenye ncha ya mshipi. Mume aliporudi alisema walipata samaki wengi, wakawala wote hukohuko. Kijikaratasi kilikuwa palepale kilipofungwa. Mshipi ule haukuwahi kugusa maji.

Nimeitazama filamu hii mara tatu sasa, na kila ninaposoma watu wakiizungumzia, wanawazungumzia wale wanaume wawili. Wana haki. Heath Ledger aliyeigiza Ennis, na Jake Gyllenhaal aliyeigiza Jack, walifanya kazi ambayo sijaona wengi wakiifikia. Lakini mimi macho yangu hubaki kwa Alma, aliyeigizwa na Michelle Williams. Kuna mahali anafungua mlango na kumwona mumewe, chini ya ngazi, akimbusu Jack kwa njaa ambayo yeye hajawahi kuonjeshwa. Anaufunga mlango polepole. Hana wa kumwambia. Amwambie mama yake? Jirani? Polisi? Aseme nini, na kwa jina gani? Neno lenyewe hana.

Tunaambiwa kila siku kwamba katazo la mapenzi ya wanaume kwa wanaume linailinda ndoa. Mimi naiona ndoa ya Alma, nauliza: lilimlinda vipi? Ennis alisimama kanisani kwa sababu mwanamume sharti aoe, na kwa sababu maisha aliyoyataka hayakuwa na nafasi duniani, alivyofundishwa. Katazo halikumzuia kumpenda Jack hata siku moja. Lilichofanya ni kumtafutia pazia, na pazia lile ni binti wa watu. Simtetei Ennis. Alimdanganya mkewe miaka mingi, na wakati mwingine alikuwa mkali nyumbani, kana kwamba kosa ni la Alma. Hilo ni lake, na filamu haimfichii. Ila uwongo wake ulikuwa na mlezi.

Mlezi ni baba yake. Ennis anamsimulia Jack kwamba kulikuwa na wazee wawili waliofuga pamoja na kuishi pamoja kijijini kwao, na mmoja alipigwa kwa chuma cha kubandulia tairi, akaburutwa mpaka akafa. Ennis alikuwa na miaka tisa. Baba alimchukua yeye na kaka yake, akawapeleka wakaione maiti ndani ya shimo. Ennis anasema huenda ni baba yake mwenyewe aliyefanya kazi ile. Mtoto wa miaka tisa akaonyeshwa maiti ili ajue. Akajua. Jack alipomwambia wanunue mahali wafuge ng'ombe, waishi wawili, jibu lilikuwa limeshatolewa kwenye lile shimo zamani sana. Na Jack aliposikia Ennis ameachana na mkewe, akaendesha gari kutoka Texas hadi Wyoming akiimba njiani, Ennis alisimama uani, akatazama lori lililopita barabarani kwa hofu, akamwambia ana watoto mwisho wa juma huu. Jack akageuza gari.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimejikuta nikiifikiria methali hiyo kila nikitazama sehemu hii, kwa sababu hakuna askari hata mmoja anayemfukuza Ennis katika filamu nzima. Sheria ya Wyoming iliyoharamisha mapenzi ya aina hii ilifutwa mwaka 1977, wakati hadithi bado inaendelea. Ennis habadiliki hata kidogo. Wanaendelea kukutana milimani mara chache kwa mwaka, mpaka Jack anapokufa, karibu miaka ishirini tangu wajuane.

Wala hofu ile haikuwa ya kubuni. Annie Proulx alichapisha hadithi fupi iliyozaa filamu hii Oktoba 1997. Oktoba 1998, katika mji wa Laramie, Wyoming ileile, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Matthew Shepard alipigwa na vijana wawili, akafungwa kwenye uzio na kuachwa. Alikufa hospitalini siku chache baadaye. Alikuwa na miaka 21.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaoisifu filamu hii kwa kusema kwamba ni hadithi ya mapenzi kama nyingine yoyote. Najua wanasema kwa nia njema. Lakini ondoa katazo uone kinachobaki: wachungaji wawili wanapendana, wananunua ng'ombe, wanagombana nani kasahau kufunga zizi, wanazeeka. Kila machozi ya filamu hii yametoka kwenye katazo. Ukilisahau hilo, umemwona Ang Lee, mwongozaji wake, kama fundi wa milima mizuri tu. (Alipata Oscar ya uongozaji mwaka 2006, tuzo ya filamu bora ikaenda kwa Crash. Miaka yote hii bado naliona lile kosa.)

Sisi Kenya tunayo filamu yetu ya maisha halisi, I Am Samuel ya Peter Murimi, ambayo bodi ya filamu iliipiga marufuku Septemba 2021. Nayo ni ya wanaume wawili wanaopendana, Nairobi, na kule kijijini baba, ambaye ni mchungaji wa kanisa, haelewi kwa nini mwanawe hajaoa. Niliposoma habari za ile marufuku sikuwaza sana wanaume wale wawili. Nilimwaza yule msichana anayesubiriwa aje kuolewa. Wazee wanamtafuta kwa nia safi kabisa, kwa maombi, na mahari itatolewa. Hakuna atakayemuuliza yeye kama yuko radhi kuishi na mshipi mkavu. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, kinachotumika kuharamisha ngono ya wanaume kwa wanaume, tulichoachiwa na Mwingereza na ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa tarehe 24 Mei 2019, kinahesabu kifungo cha miaka 14 kwa mwanamume. Miaka ya mwanamke huyo hakuna kifungu kinachoihesabu.

Mama mdogo ni mtu wa dini, na hakuibadilisha imani yake kwa ajili ya filamu. Aliniambia waziwazi kwamba wanalofanya wale ni dhambi na yeye hatalihalalisha. Nikanyamaza, maana ni mkubwa wangu na ni nyumba yake. Lakini Ennis alipofika kwa wazazi wa Jack, akapanda chumbani, akazikuta zile shati mbili zimevishwa pamoja, yake ikiwa ndani ya ya Jack, bado zina damu ya ugomvi wao wa kule mlimani, niliacha kutafsiri kwa sababu hapakuwa na neno la kutafsiri. Nikamsikia akisema taratibu, "Mapenzi ni kikohozi." Hakuimalizia. Baadaye akaniuliza, "Na yule Alma, aliwahi kupata mtu wa kumwambia?" Nikamwambia sidhani.

Mwisho binti mkubwa wa Ennis anakuja kumwona katika kijumba chake cha bati. Naye anaitwa Alma. Amekuja kumwambia anaolewa, na baba, kabla ya kuahidi kuhudhuria, anamuuliza swali moja: huyo kijana anakupenda? Binti anasema ndiyo. Akiondoka anasahau sweta yake. Ennis anaiokota, anaikunja vizuri, anafungua kabati ambamo ametundika zile shati mbili, na kuiweka humohumo.