Sufuria ya shaba si pambo la ukutani

Mgahawa mkongwe ukifungwa, hata visivyo na maana hugombaniwa. Four Seasons ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1959, ilipopigwa mnada mwaka 2016, vibakuli vinne vya majivu ya sigara vilikwenda kwa zaidi ya dola 10,000. Kama majivu yana bei hiyo, sishangai kuona watu wakikimbilia sufuria za shaba za mikahawa ya zamani.

Kinachonikera ni kinachofuata. Sufuria inasuguliwa hadi inang'aa kama kioo, inatundikwa juu ya jiko, na mapishi yanaendelea kwenye kikaango cha kawaida pale chini.

Mimi ninayo moja. Mpini wake ni wa chuma, umeshikizwa kwa ribiti tatu nene za shaba, na ukuta wake unakaribia milimita 3. Ikijaa maji, mkono mmoja hauiwezi. Ubavuni zimegongwa herufi za mgahawa, moja imekaa upogo. Herufi hizo ndizo hoja yangu. Mikahawa iligonga alama kwa sababu sufuria zilitoka kila mara kwenda kwa fundi wa kutia bati (metali laini nyeupe inayopakwa ndani, si bati la paa), zikachanganyika huko na za wengine. Anayeionyesha alama hiyo ukutani anaonyesha ushahidi wa kazi ambayo yeye ameikatiza.

Bati ndilo la kutazama kwanza, kabla ya ng'aro. Shaba nyekundu ikikutana na siki, ndimu au nyanya huyeyukia kwenye chakula, na anayekula huishia na kichefuchefu na kutapika. Ndiyo maana ndani hupakwa bati. Ukiona wekundu umejitokeza kwa upana kwenye kitako, usipikie, mpelekee fundi. Atakwangua bati la zamani, atapasha chombo moto, atayeyusha bati jipya na kulipangusa haraka kwa kitambaa kabla halijaganda. (Sufuria za kupikia jemu na bakuli za kupigia ute wa yai huachwa bila bati makusudi, kwa hiyo usimlaumu muuzaji.)

Bati lina udhaifu wake: huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Nililijua hilo kwa kuungua moyo. Niliiacha sufuria tupu motoni nikaenda kutafuta kijiko, niliporudi kitako kilikuwa kimejaa vitone vya fedha vinavyokimbizana kama zebaki. Nikalipia kuitia bati upya, na tangu hapo mafuta hutangulia moto.

Usumbufu huo wote unalipa. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko chuma kisichoshika kutu. Ukipunguza moto, mchuzi unatulia hapo hapo, haungoji. Kwa mchuzi mzito wa mayai, unaokatika kwa kosa dogo, sijapata chombo kingine kinachonitii hivyo.

Na tusisahau kwamba neno sufuria lenyewe tumelipata kwenye Kiarabu, ambako mzizi wake ni shaba. Leo tunaliita hivyo hata bamba la alumini.

Ya kwangu kwa nje imekuwa kahawia, na ina alama za moshi karibu na ribiti. Mgeni mmoja aliniuliza kwa nini siisugui. Nilimpa kijiko aonje mchuzi.