Kama bado unaumwa, maiki hupewi

Foleni ya ushuhuda kanisani kwetu hupangwa kushoto mwa madhabahu. Kabla ya kupewa maiki, mhudumu mwenye beji anakuinamia na kukuuliza taratibu, "Umepokea nini?" Ukisema kazi, mchumba, kiwanja au viza, unasogea mbele. Shangazi yangu alisema, "Bado naumwa, mwanangu. Nataka tu kumshukuru Mungu, nimeamka." Akaombwa arudi akakae mpaka Bwana atakapokamilisha kazi yake.

Akarudi kukaa, na kidonda chake cha sukari mguuni.

Mimi ni mlokole. Niliokoka kidato cha pili, kwenye UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo shuleni, na sijaacha. Naamini Mungu huponya. Kinachonisumbua ni huo mchujo wa pale kushoto. Jumapili baada ya Jumapili tunawasikia walioshinda tu, mwisho tunaamini kwamba wokovu ndivyo ulivyo, na asiyeshinda ana tatizo. Hajafunga vya kutosha, au ana roho ya ukoo, au mbegu aliyopanda ilikuwa ndogo. Mbegu, kwa asiyejua, ni hela; lipa namba inawaka kwenye skrini wakati kwaya inaimba. Isipoota, kosa ni la udongo. Sijawahi kusikia mkulima akilaumiwa.

Ushuhuda haukuwa hivi. Uamsho wa Afrika Mashariki uliotoka Gahini, Rwanda, ukasambaa miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, ndio uliotuzaa sisi tunaoitwa walokole. Watu wale walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi zao kwa majina: nimeiba, nimemchukia ndugu yangu. Wengine walirudisha mali walizoiba. Kisha wenzao wakaimba kwa Kiganda "Tukutendereza Yesu", yaani tunakusifu Yesu, na kuwakumbatia. Walikuwa na ukali wao pia, sitaki kuwapaka rangi ya malaika. Lakini ushuhuda wao ulimshusha anayeutoa. Wa kwetu unampandisha, na ikiwezekana unapigwa picha na gari likiwa nyuma.

Februari 1, 2020, kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi kupita juu ya mafuta ya upako. Wengi walisema ni ujinga wa waumini. Mimi nasita kuwaita wajinga. Ukimwambia mgonjwa kila wiki kwamba wenzake wote wamepona, na kwamba mlango wake uko hatua chache mbele, unategemea atembee polepole?

Nilimuuliza mchungaji mmoja, mtu mwema kweli, kwa nini wasiopona hawasimami. Akasema, "Tutavunja imani za watu." Nikamwonyesha Waebrania 11. Sura ya mashujaa wa imani, tunaipenda sana, tunaihubiri kila mwaka mpya. Mstari wa 35 unaanza na wanawake waliorudishiwa wafu wao. Kabla mstari haujaisha habari imegeuka: wengine waliteswa, na kufikia mstari wa 37 wamepigwa mawe, wamekatwa kwa misumeno. Na hao nao wanasifiwa kwa imani ileile. Foleni yetu inakomea nusu ya kwanza ya mstari. Mchungaji alicheka kidogo, akasema tutaongea.

Hatujaongea bado.

Shangazi siku hizi mguu haumruhusu kupanda daladala, kwa hiyo Jumapili jioni napita kwake kumsomea. Mara moja nilimsomea Zaburi ya 88, ambayo mwandishi wake analia mwanzo hadi mwisho na kuishia gizani, bila sifa, bila kufunguliwa. Nilidhani ingemvunja moyo. Alinyamaza, akautoa mguu kwenye kigoda, akauliza kama kweli hiyo imo kwenye Biblia au nimeitunga. Nikamwonyesha ukurasa. Akaniambia nikunje kona yake ili asiupoteze.