Pluto Haikutolewa kwa Udogo Wake

Katika skuli za Unguja na Pemba, mzazi aliyesoma kabla ya 2006 alihifadhi sayari tisa, na mtoto wake leo anafundishwa nane. Suala hili likizushwa barazani, jawabu linalotoka haraka ni kwamba wataalamu walikaa Ulaya, wakaiona Pluto ni ndogo mno, wakapiga kura, wakaitoa. Jawabu hilo ni la kweli kuhusu kura, lakini si la kweli kuhusu sababu, na upungufu huo ndio unaowafanya watu wengi makini waione hukumu nzima kuwa ya kiholela.

Kilichowalazimisha wataalamu kuamua ni Eris, kitu cha barafu kilicho mbali kule kama Pluto, kilichogunduliwa 2005 na Mike Brown na wenzake, nacho kikadhaniwa wakati huo kuwa ni kikubwa kuliko Pluto. Ama Eris ingekuwa sayari ya kumi, na nyingine nyingi za aina yake zingeifuata, ama Pluto isingeweza kubaki. Tarehe 24 Agosti 2006, mjini Prague, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipitisha kwamba sayari ni kitu kinachozunguka Jua, chenye tungamo la kutosha hata uvutano wake wenyewe ukakipa umbo linalokaribia tufe, na ambacho kimesafisha eneo la njia yake, yaani hakina vitu vingine vizito vya kushindana nacho humo. Pluto ilitimiza masharti mawili ya mwanzo, ikashindwa la tatu, ikawekwa katika kundi la sayari kibete.

Wanaolipinga azimio hilo si watu wa kupuuzwa. Alan Stern, aliyeongoza safari ya chombo cha New Horizons, amelilalamikia tangu siku lilipopitishwa, na wenzake wengi wa elimu ya sayari wanamuunga mkono. Wanasema kwanza kwamba waliopiga kura ni 424 tu, kati ya wanachama maelfu. Wanasema pia kwamba kitu kinafaa kujulikana kwa kilivyo chenyewe, si kwa mahali kilipo. New Horizons ilipopita karibu na Pluto tarehe 14 Julai 2015, ilionesha milima ya barafu ya maji yenye urefu wa maelfu ya mita, na uwanda mpana wa barafu ya naitrojeni usio na mashimo ya vimondo, ishara ya kuwa uso wake bado unajifanya upya. Mwenye kuziangalia picha zile hawezi kusema kwamba dunia ile imekufa. Kwa sababu hiyo Kirby Runyon na wenzake, akiwemo Stern, walipendekeza 2017 kwamba kila kitu kilicho chini ya kiwango cha nyota na chenye umbo la tufe kiitwe sayari, hata kama kinazunguka sayari nyingine. Kwa kipimo hicho Mwezi wetu ni sayari, Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, ni sayari, na hesabu inapita mia moja.

Hoja hii ina mvuto, na kwa mtu anayechunguza miamba, barafu na angahewa pengine ndiyo yenye manufaa zaidi. Udhaifu wake ni kwamba utufe hauna mpaka ulio wazi. Mimas, mwezi wa Zohali wenye kipenyo kisichofika kilomita 400, ni wa mviringo kwa sababu umeumbwa kwa barafu. Vesta, inayozunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii na yenye kipenyo cha kilomita 525 hivi, haikukamilika umviringo wake kwa sababu ni ya mwamba. Pluto ina kilomita 2,377, Eris 2,326, na chini yao vinafuata vitu vingine kidogo kidogo bila ya mwanya, hata asiweze mtu kuonesha mahali ambapo maumbile yenyewe yamekata.

Sharti la tatu, lile linalolaumiwa kuliko yote, ndilo lenye mwanya huo. Mwaka huo huo wa 2006, mtaalamu wa falaki Steven Soter alichukua tungamo la kila kitu akaligawa kwa jumla ya tungamo la vitu vingine vyote vinavyoshiriki eneo la njia yake. Kwa Dunia yetu alipata 1,700,000, maana yake sayari hii ni nzito mara milioni moja na laki saba kuliko vyote vilivyobaki katika eneo lake vikikusanywa pamoja. Kwa Neptuni alipata 24,000. Mirihi, ambayo kwa kipimo hiki ni ya chini kabisa kati ya nane, ilipata 5,100. Baada ya Mirihi mtu angetarajia kukuta 3,000, au 400, au 20, lakini hakuna chochote. Kinachofuata ni Ceres, jirani wa Vesta, yenye 0.33, kisha Eris yenye 0.10, na Pluto yenye kiasi cha 0.07. Kati ya sayari ya mwisho na sayari kibete ya kwanza pana tofauti ya zaidi ya mara 15,000, na ndani ya tofauti hiyo hamna hata kitu kimoja.

Tarakimu hizi zinastahili kuzingatiwa, kwa kuwa ndizo zinazokosekana katika mazungumzo yetu. Nambari iliyo chini ya moja inaeleza kwamba kitu hicho ni chepesi kuliko jumla ya jirani zake, na kwa Pluto jirani hao wanaizidi zaidi ya mara kumi. Uwepo wao haukujulikana Clyde Tombaugh alipoigundua Pluto kule Arizona mwaka 1930. Ulianza kuthibitika 1992, pale David Jewitt na Jane Luu walipopata kitu cha kwanza kingine katika ukanda wa Kuiper, ule ulio ng'ambo ya Neptuni ambamo Pluto imo. Wale waliokaa Prague hawakuuzua mwanya huu kwa kura yao. Ulikuwepo kabla yao, na ungekuwepo hata kama wangepiga kura ya kuibakisha Pluto.

Kuna pingamizi linalorudiwa mno: ikiwa Pluto inaingia ndani ya njia ya Neptuni, kama ilivyokuwa kati ya 1979 na 1999, basi Neptuni nayo haikusafisha eneo lake. Lakini uhusiano wa wawili hao unathibitisha kinyume chake. Kila Neptuni ikilizunguka Jua mara tatu, Pluto inazunguka mara mbili, na utaratibu huo unazuia zisikaribiane kabisa. Pluto inakwenda kama mtumbwi uliofungwa nyuma ya jahazi, na anayeshika usukani ni Neptuni. Pingamizi la pili, kwamba hata Dunia ingeshindwa kama ingewekwa kule mbali, nalo halisimami: mtaalamu wa falaki Jean-Luc Margot alipotoa kanuni yake ya hesabu ya kusafisha njia mwaka 2015, ilionekana kwamba kitu chenye tungamo la Dunia kingesafisha njia hata kwenye umbali wa Pluto.

Kubadilika kwa hesabu pia si jambo geni. Katika elimu ya falaki ambayo wazee wetu waliipokea, sayari zilikuwa saba, na Jua na Mwezi zilikuwemo. Ceres, iliyogunduliwa na Giuseppe Piazzi tarehe 1 Januari 1801, iliorodheshwa kuwa sayari kwa miongo kadhaa. Kufikia mwisho wa 1851 vitu vya aina yake vilikuwa 15, na ikaonekana ni haki kuvitenga katika kundi la asteroidi. Pluto imepita njia ile ile, kwa sababu ile ile ya kugundulika jamaa zake.

Pale ambapo wapinzani wana haki, tena haki kubwa, ni katika maandishi ya azimio. Neno «kusafisha» halikuwekewa kipimo, na sharti la kuzunguka Jua limeziacha nje sayari za nyota nyingine, ambazo idadi ya zilizothibitishwa ilipita 6,000 mwaka 2025. Margot, Brett Gladman na Tony Yang walitoa pendekezo la kuziba pengo hilo mwaka 2024, mwaka ambao Umoja ule ulifanya mkutano wake mkuu Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town. Wanataka sayari iwe ni kitu kinachozunguka nyota, au masalia ya nyota, chenye tungamo lililozidi kilo 10 kwa kipeo cha 23, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 23, na lisilofika mara 13 ya lile la Mshtarii. Utaridi, iliyo nyepesi kuliko zote nane, inauvuka mpaka wa chini kwa zaidi ya mara tatu. Pluto haifiki hata sehemu moja ya saba yake. Pendekezo hilo likikubaliwa, nambari ya nane inayofundishwa katika skuli zetu haitobadilika, na mwalimu atakuwa na kipimo cha kuwaandikia wanafunzi ubaoni badala ya kuwaambia tu kwamba watu walipiga kura.