Kivumishi Chini ya Mlango

Barua ilisukumwa chini ya mlango mara baada ya sala ya alfajiri, saa ambayo mtu mwenye adabu zake hupitisha hapo kadi ya arusi au habari ya msiba, na kwa hivyo niliiokota nikiwa nimeshasema "inna lillahi" kwa tahadhari.

Ilikuwa ya Kiingereza. Mimi nilikuwa nimeandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, nikimweleza wakala wa nyumba kwamba mfereji wangu umetimiza siku ya 19 bila kutoa tone ilhali kodi imelipwa tarehe 5 kama ada, nikatanguliza salamu na kumalizia kwa dua. Jibu lilikuwa la mistari mitatu. Wa kwanza ulisema barua yangu imepokewa, na wa tatu ulinitakia siku njema. Wa pili, ambao ndio ulionichafulia hiyo siku njema, ulisema ofisi imetambua kuwa mimi ni mpangaji "disgruntled".

Naomba nieleweke. Kiingereza hakinitishi. Nimekaa bandarini miaka 31 nikihesabu shehena kwa lugha hiyo, na hasira za wenye meli nimezisikia kwa madaraja yake yote, kuanzia "annoyed" ya nahodha aliyecheleweshewa karatasi hadi zile zisizoandikika. Hili lakini lilikuwa geni kwangu, tena limeandikwa na kijana niliyemjua akienda chuoni na kanzu iliyotapakaa ubuyu hadi viwikoni, ambaye nyumba ya mama yake ni ya tatu kutoka yangu, na ambaye Kiingereza hicho hawezi kukinunulia hata mahamri hapa mtaani.

Nilimsomea mama watoto. Akasema kwa mlio wake halimkai kama neno la kheri, akaendelea kupepeta mchele.

Nikaamua kulipasua mwenyewe. Kipande cha mbele, "dis", ni mwenzetu wa zamani sisi tulio na mita, kwani karatasi za kukatiwa stima zote huanza nacho. Kipande kinachofuata, "grunt", nakijua pia, nacho ni kuguna. Basi aliye "disgruntled", kwa hesabu yangu, ni mtu aliyekatiwa kuguna kama anavyokatiwa mtu stima, yaani mpangaji mtulivu, asiye na neno. Ofisi imenisifu! Nilikaa na sifa hiyo tangu alfajiri hadi alasiri. Hamali wa maji alipokuja na mkokoteni wake na kunitangazia kwamba kila mtungi umepanda shilingi kumi, nililipa mitungi sita bila sauti yoyote kunitoka, ili nisije nikavunja heshima niliyokwisha kuandikiwa. Wakala mwenyewe nilipokutana naye kichochoroni nilimshika mkono wa kulia kwa mikono yangu miwili. Alinitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeacha kubweka ghafla.

Baada ya alasiri nikaenda nayo barazani, ndani ya Mji wa Kale, nikiwa nimeikunja vizuri mfukoni mwa kanzu, kwa sababu sifa isiyosomwa mbele za watu ni kama pilau lililopikwa usiku wa manane. Walikuwepo Maalim, aliyesomesha Kiingereza hadi wanafunzi wake wakaanza kustaafu, na Baharia, ambaye amezunguka dunia na huikumbuka yote isipokuwa madeni yake, na muuza kahawa na dele lake, akigonganisha vikombe.

Maalim aliishika barua mbali na uso, kwa kuwa miwani yake imebakiwa na mkono mmoja, akaisoma mara mbili.

"Nani kakuandikia haya?"

"Wakala. Ananisifu."

"Anakusifu kwa lipi?"

Nikamweleza kuhusu "dis" ya stima. Maalim alinisikiliza kwa upole ule ambao mwalimu huutunza kwa mwanafunzi aliyekwisha kupotea mbali sana, kisha akaagiza kahawa nyingine na kusema kwamba hesabu zangu zina makosa tangu mstari wa kwanza.

"'Dis' hii si ya kukata, bwana. Mara nyingi hukanusha, lakini hapa imekuja kutia nguvu, kama mtu anayesema 'kabisa'. Na baada yake pana 'gruntle', kitenzi cha zamani kilichotokana na 'grunt'. Ule mkia wa 'le' unaonyesha jambo linalorudiwarudiwa. Sisi tukitaka maana hiyo tunakitaja kitenzi mara mbili: mtu akitanga sana anatangatanga, na akiguna bila kituo anagunaguna. Waingereza hawana subira ya kulirudia neno zima, wakalibandika kijimkia. Kwa hiyo 'gruntle' ni kugunaguna, na wewe, kwa mujibu wa barua hii, umegunishwa ukakamilika."

"Sikuguna hata mara moja! Niliandika barua yenye dua."

"Lilianza kuandikwa miaka ya 1680," akaendelea, kwani Maalim akishapanda ngazi hashuki kwa kuitwa.

Muuza kahawa akauliza wakati huo hapa Mombasa alikuwepo nani. Maalim akamwambia walikuwepo Wareno, ndani ya Fort Jesus, na kwamba Waomani hawakuizingira ngome hadi 1696 wala hawakuichukua hadi 1698.

"Basi wakaaji wa mji ndio walikuwa wakiguna," akasema Baharia, "na Waingereza wakaliokota neno huko kwao bila ya kutulipa chochote."

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningali nikilijutia.

"Na asili ya huo mguno, Maalim, ni ya nani?"

"Ni ya watu. Watu huguna."

"Asili, nimesema."

Maalim alitazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama huko. "Asili ni kuiga mlio wa mnyama."

"Mnyama gani?"

"Wanyama wanaoguna ni wengi."

"Maalim."

"Nguruwe," akasema.

Vikombe vya muuza kahawa vilinyamaza, jambo ambalo sijalishuhudia barazani tangu habari ya kifo cha mwisho. Baharia alijisogeza kidogo upande wa pili wa baraza, akaniuliza kwa sauti ya huruma kama kanzu niliyoitilia barua ile ndiyo hii ninayokwendea msikitini. Nikaitoa mfukoni, nikaiweka juu ya jiwe, na sote wanne tukaitazama.

Maalim alijitahidi kunituliza. Alisema Mwingereza wa leo akilitamka neno hili haoni mnyama yeyote mbele yake, na kwamba maneno kama watu husahau mabanda waliyozaliwa. Mimi nilimjibu kwamba huenda Mwingereza amesahau, lakini mimi nimekumbushwa leo, tena na yeye, na usiku nitalala nalo. Baharia akadakia kuuliza kama mtu akiwa hana kinyongo huitwa "gruntled". Maalim akakiri kwamba lipo neno hilo kwa maana ya mtu aliyeridhika, ila lilitungwa kwa mzaha katika karne ya 20 kwa kukatwa "dis" ya mbele, na hadi leo hutumiwa kwa kuchekesha. Kwa Waingereza, kumbe, mtu aliyeridhika ni kichekesho.

Matumizi yake ndiyo yaliyonikaa zaidi. Mbu akikusumbua usiku, alisema Maalim, unaweza kuwa "annoyed" au "irritated", na asubuhi umesahau. Huwezi kuwa "disgruntled" kwa ajili ya mbu, kwa sababu mbu hakukuahidi kitu. Neno hili linamtaka mtu aliyetarajia haki yake akaikosa, kisha akakaa nayo moyoni: mfanyakazi aliyerukwa katika nyongeza ya mshahara, mteja aliyeuziwa kibovu, mpiga kura, shabiki wa timu isiyofunga. Ndiyo maana magazeti hupenda kuliweka mbele ya "employee" na "customer". Akatupa na mfano wa nyumbani. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikutana papa hapa Mombasa kuamua ni Kiswahili kipi kiwe sanifu, na baada ya kukaa ndani ya mji wetu, na sidhani kama tuliwalaza na njaa, wakakichagua Kiunguja, cha Zanzibar, wakakiacha Kimvita, chetu sisi wa Mombasa.

"Hasira ya jambo hilo ingekuwa imekwisha zamani," akasema, "lakini mtajie mzee yeyote wa Kibokoni uone sauti itakayomtoka puani."

Baharia, ambaye ni mzaliwa wa Kibokoni, aliguna. Maalim akamnyooshea kidole kama mtu anayeonyesha mchoro ubaoni.

Nilirudi nyumbani nikitembea polepole, kwa heshima ya umri wangu, nikijiambia kwamba mtu wa makamo yangu hatikiswi na kivumishi. Nilipofika kwenye ngazi, ambazo taa yake haiwaki, heshima hiyo ikaniponyoka. Hebu fikirini. Niliandika kwamba mfereji hautoi maji. Sentensi ile ilikuwa na kiima kimoja tu, na kiima chenyewe kilikuwa mfereji. Jibu limekuja, na mfereji haumo! Umetoweka katika mistari mitatu, na mahali pake nimesimamishwa mimi, na tabia yangu, na mlio wangu. Siku 19 za ukavu zimegeuzwa maradhi ya mpangaji. Kama ningeandika kwamba paa limeanguka wangenijibu kwamba mimi ni mtu mwenye vumbi! Na hata akija fundi, si atatumwa kuja kunirekebisha mimi?

Ningependa nilitafsiri ili nimjibu kwa lugha yetu, na hapo pia nimekwama. "Aliyenuna" halifai, kwa kuwa kununa ni kwa watoto na bibi arusi. "Mwenye kinyongo" linanifanya nionekane nimekaa gizani nikinoa kisu. "Aliyekereka" ni dogo mno kwa siku 19, na "aliyeghadhibika" linahitaji sauti ambayo daktari amenikataza. "Mnung'unikaji" ndilo lililo karibu, na hapo nikafahamu kwa nini yule kijana alikimbilia Kiingereza. Laiti angeniandikia "wewe ni mnung'unikaji" kwa Kiswahili safi, mama yake angepata habari kabla ya adhuhuri, na kabla ya magharibi angeletwa mlangoni kwangu ameshikwa sikio, na mahamri ya kuombea radhi mkononi.

Nikaketi kuandika barua ya pili. Nilikuwa nimefika "Baada ya salamu" niliposikia sauti jikoni. Ilianza kwa mbali, chini kabisa, kisha ikapanda ukutani ikirudiwarudiwa, nzito, ya puani, kwa mkia ule ule wa "le" aliotueleza Maalim. Mama watoto akaingia mbio akiuliza ni mimi.

"Si mimi," nikasema. "Ni mfereji."

Tulisimama mbele yake kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Mfereji ukaguna, ukatulia, ukagunaguna, ukatema hewa, ukatema kutu, kisha ukatoa uzi mwembamba wa maji ya rangi ya chai ya rangi.

"Ndoo!" akasema mama watoto.

Ndoo kubwa ilikuwa kwa jirani tangu Ijumaa, na ndogo ndiyo iliyozuia mlango wa nyuma usigongwe na upepo. Nikashuka ngazi gizani nikihesabu vidato kwa mguu, huku nikimsikia huko juu akikinga kwa sufuria, kwa birika, kwa bakuli la kutilia tambi, na akiniita kwa jina langu kamili niache kuguna nifanye haraka.