Nimesingiziwa Mbio

Niseme mapema tusije tukalaumiana: mimi si mkimbiaji. Shuleni, kwenye mchakamchaka wa alfajiri, nilikuwa wa wale wa nyuma kabisa wanaoitikia wimbo kwa sauti kubwa ili mwalimu adhani na miguu inaitikia. Mbio zangu nyingine zote zimekuwa za kudandia daladala, na hata hizo mara nyingi gari liliniacha.

Sasa nenda ukaishi Oxford, Uingereza, halafu mtu akuulize umetokea wapi. Ukitaja Tanzania, umekwisha. Anaacha kukutazama usoni, anakutazama miguu.

Aliyenimaliza ni jirani yangu, mzee mstaafu, mpole, mpenda maua. Siku niliyomtajia kwetu aliweka mkasi wake chini. "Filbert Bayi!" akasema, kama mtu aliyepata habari za ndugu aliyepotea. Akanisimulia Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1,500: Bayi alivyochomoka tangu bastola ilipolia, wenzake wakaishia kuuona mgongo tu, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Akahamia Kingston, Jamaika, mwaka 1975: maili moja kwa 3:51.0, rekodi nyingine. Mimi nimesimama na mfuko wa taka mkononi natikisa kichwa kwa unyenyekevu, utadhani ndiye niliyemshikia Bayi traksuti.

"Na wewe je, unakimbia?"

Heshima ya taifa ikanikaba kooni. Nikajibu, "Kidogo kidogo tu, kando ya mto."

Kumbe nimejichimbia kaburi. Mwingereza akikwambia anaogelea kidogo, ujue amevuka bahari. Mzee akatabasamu tabasamu la mtu aliyeelewa siri, na tangu siku hiyo kila Jumamosi asubuhi yuko dirishani na kikombe chake, anasubiri kumuona Bayi akitoka. Ningefanya nini? Nikanunua raba.

Mto wenyewe ni ule ule Thames wa London, ila ukipita Oxford wanauita Isis, nadhani ili mgeni apotee vizuri. Njia iliyozoeleka inaanzia Folly Bridge, inashuka kandokando ya maji hadi Iffley, kama kilomita 2. Zamani ilikuwa ya farasi waliovuta mashua za mizigo kwa kamba. Nataka nieleweke: farasi. Leo farasi wamepumzishwa, mashua zina injini, tumebaki sisi tunajivuta wenyewe, tena bure.

Ubaya wa njia ya mtoni ni kwamba huna pa kujificha. Ukikimbia mtaani ukachoka, unasimama kama mtu anayesubiri basi, dunia inaendelea. Pale kushoto maji, kulia vichaka vyenye majani ya kuwasha, na mbele yako familia nzima inakuja na mbwa asiye na kamba. Mbwa anakurukia kifuani, mwenyewe anacheka: "Anataka kucheza tu!" Mimi sikutoka nyumbani kucheza. Halafu wapita njia wana tabia ya kunipongeza. "Hongera! Endelea, umekaribia!" Nimekaribia wapi, mama? Ndiyo kwanza nimetoka darajani. Angeniambia pole ningemuelewa, kwa sababu pole ni neno la mtu aliyekutazama vizuri.

Wiki iliyopita nilipitwa na mama anayesukuma kigari cha mtoto huku anaongea na simu. Yeye hakuniona. Mtoto ndiye aliyeniona, akageuka akanipungia mkono mpaka wakapotea kwenye kona.

Na bado hujakutana na wapiga makasia. Vyuo vya pale vina mashindano ya ajabu: mto ni mwembamba, mashua haziwezi kwenda sambamba, kwa hiyo zinapangwa mkia kwa kichwa zinafukuzana. Ukimgonga wa mbele umeshinda. Nchi nzima ina sheria za barabarani kali namna ile, halafu majini wanapeana vikombe kwa kugongana nyuma! Makocha hawako kwenye mashua. Wako kwenye njia yangu, juu ya baiskeli, macho yako mtoni, mdomo uko kwenye kipaza sauti. Siku moja mmoja wao alikuwa nyuma yangu kabisa: "Nyoosha mgongo! Vuta pumzi! Usilegee!" Nikanyoosha mgongo, nikavuta pumzi. Nilishaanza kumpenda, nikasema hatimaye nimepata mtu anayenijali. Mara nikasikia, "Namba tatu, wewe ndiye unayetuchelewesha!" Nikageuka kuomba radhi. Alikuwa anaongea na kijana wa kwenye mashua. Lakini neno lilishaniingia, na hadi leo nikiwa mtoni najiona mimi ndiye namba tatu.

Nikaamua kuhamia upande wa juu wa mto, Port Meadow, uwanda mpana wa malisho nikitegemea amani. Sasa Oxford maana yake ni kivuko cha maksai, na mimi nilidhani hiyo ni historia, mambo yaliyopita. Wapi! Malisho yale yameandikwa kwenye daftari la mfalme la mwaka 1086, na hadi kesho wapo watu wenye haki ya kulisha pale ng'ombe na farasi. Nimefika getini, geti lile la kupita mtu mmoja mmoja, ng'ombe kasimama katikati. Mweusi, mkubwa, puani kunatoka mvuke, shavuni kajibandika jani moja la kijani. Nikasema samahani kwa Kiingereza. Akanitazama. Nikamswaga kwa Kiswahili cha nguvu, ndiyo kwanza akaanza kucheua. Tukasimama pale dakika nane nzima, na saa yangu ya mkononi, hii inayohesabu hatua, ikatetemeka kuniuliza kama nimemaliza mazoezi. Msimu wa mvua ndiyo usiseme: mto unapanda, uwanda unageuka ziwa, njia unaikuta chini ya maji na mabata bukini wanaelea juu yake wakikutazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji.

Nikajaribu malisho ya chuo cha Christ Church, pale mto mdogo wa Cherwell unapokutana na Isis. Pazuri, miti mirefu, kimya. Getini kuna tangazo la zamani linalowaagiza walinzi wazuie ombaomba, watu wenye nguo chakavu au chafu mno, na wasio na mwonekano wa heshima. Najua ni la kale, limeachwa ukumbusho. Lakini mimi nimelisoma nikiwa na bukta iliyopauka na fulana ya kampeni yenye tundu kwapani, jasho linanichuruzika kabla hata sijaanza. Nilipita nimebana mkono.

Basi nikarudi kwenye njia yangu ya Iffley. Ukifika kwenye geti la kupandishia mashua unavuka, unapita kanisa la mawe la karne ya 12, unarudi mjini kwa barabara ya Iffley Road. Hapo ndipo pana uwanja ambao mimi naupita nimeinamisha kichwa kama mdaiwa anayepita dukani. Tarehe 6 Mei 1954, Roger Bannister, daktari mwanafunzi, asubuhi alikuwa hospitalini London, akapanda treni akaja hapo, jioni yenye upepo, akakimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 4. Mimi nikitoka kazini siwezi hata kutafuta rimoti.

Nilifanya kosa la kujipima. Maili moja, mita 1,609, kutoka Folly Bridge kushuka mto, hakuna ng'ombe, hakuna kocha. Dakika 12 na sekunde 40. Nikakaa kwenye nyasi nikapiga hesabu: Bannister angekuwa ameimaliza maili hiyo mara tatu, na bado ana sekunde 42 za kunisubiri. Nikaona hapa ama niukane uraia, ama nitafute ujanja.

Ujanja ukanijia wenyewe kwa njia ya kengele. Christ Church kuna kengele moja ya zaidi ya tani 6 inaitwa Great Tom. Kila usiku inagonga mara 101, idadi ya wanafunzi chuo kile kiliyokuwa nayo enzi za kale. Lakini haianzi saa 3 kamili, inaanza saa 3 na dakika 5. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa kwamba Oxford iko magharibi ya Greenwich, jua linachelewa kufika dakika 5, na kabla ya sheria ya mwaka 1880 kuileta nchi nzima kwenye saa moja, miji ilifuata jua lake. Chuo kile hakijasamehe. Kwa kengele ile, saa 3 ni pale wao wanapoamua.

Nikajiuliza: kama chuo kizima chenye maprofesa kinaweza kukataa dakika 5, mimi ni nani nizikubali? Mtu akianza kukimbia kwa saa ya London, akamaliza kwa saa ya Oxford, 12:40 inakuwa 7:40. Hesabu halali kabisa.

Jumamosi mzee yuko dirishani, kanishukia. "Maili moja sasa unaenda kwa muda gani?"

"Saba na arobaini," nikasema. "Saa za hapa."

Hakuuliza za wapi. Kichwa kikamwenda juu na chini, nikaona hesabu inamtembea usoni, nikaona na ile Christchurch ya Bayi inarudi. Akanipiga bega, akaingia ndani. Nikalala vizuri wiki hiyo.

Jumapili iliyofuata kagonga mlango na fomu mkononi. Mbio za kilomita 10. Kaijaza mwenyewe kwa mwandiko mzuri wa kizamani: jina langu, nchi yangu, na pale penye muda wa maili moja kaandika 7:40, kapigia mstari. Ada kalipa. Pembeni, kwa penseli, kaongeza kwamba nipangwe karibu na mbele kwa sababu mtindo wetu ni kuchomoka tangu mwanzo.

Mke wangu kaichukua ile fomu, kaisoma taratibu hadi chini, kaikunja.

"Baba watoto," akaniambia, "na siku hiyo mstari wa mwisho utakuwa unafuata saa za wapi?"