Kutililia si kubana shimo

Jamani mafundi wa cherehani, nauliza tu: nani aliwafundisha kwamba tundu la sweta hutengenezwa kwa kuvuta kingo mbili na kuzipigia cherehani?

Sweta langu la sufu nililitoa kwenye mivumba, yaani mitumba, ya soko la Owino, Kampala. Ndilo hunisitiri nikipanda Kabale, na kule baridi haina utani. Kiwiko kikatoboka, tundu kama sarafu ya 500. Nikampelekea fundi wa barazani hapa mtaani, nikamwambia waziwazi: "Fundi, tililia." Akaitikia, "Hakuna shida, mzee." Jioni nakuta kifundo kigumu, uzi wa naironi mweusi kwenye sweta la kijivu! Nikikunja mkono, kinanichoma kama mwiba.

Kutililia ni kufuma upya. Ndani unaweka balbu iliyoungua, unatandaza nyuzi za sufu wima, bila kuvuta, ukianzia pale kitambaa bado kizima, kisha unapitisha nyingine kwa kukingama, juu, chini, juu, chini. Sindano ya mkono. Saa nzima, pengine zaidi.

Sasa kila jioni nafumua uzi wake kwa wembe, tundu limeshakuwa mdomo. Na pesa alichukua kabla.