Vikosi maalumu vya polisi Kenya: kesi ziko wapi?

Oktoba 2022, wiki chache baada ya kuapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba kikosi maalumu cha polisi kiitwacho SSU, kilichokuwa chini ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, kimevunjwa. Kilichokifikisha hapo ni kutoweka kwa raia wawili wa India na dereva wao wa teksi, Mkenya, jijini Nairobi mwezi Julai mwaka huo. Maafisa kadhaa wa kikosi hicho wakashtakiwa. Watetezi wa haki walishangilia, na walikuwa na kila sababu. Lakini wenye maduka, wahudumu wa boda boda na akina mama mboga wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi wakauliza swali ambalo halikujibiwa vizuri: sasa wenye bunduki watakamatwa na nani?

Swali hilo si la kubezwa. Tarehe 2 Aprili 2015, Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Kikosi cha Recce cha GSU, tawi la polisi la kutuliza ghasia, chenye mafunzo hasa ya kazi ya namna hiyo, kilikuwa Nairobi. Kilipofika na kuingia bwenini, siku ilikuwa inakaribia kuisha. Kiliwamaliza wavamizi kwa muda mfupi mno, lakini watu 148 walipoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Miaka minne baadaye, Januari 2019, jumba la DusitD2 pale Riverside liliposhambuliwa, vikosi vilifika mapema, vikashirikiana, na mamia ya watu wakatolewa wakiwa hai, ingawa 21 waliuawa. Anayesema polisi hawahitaji vikosi maalumu na awaeleze hivyo wazazi wa Garissa.

Ila kikosi kinachoingia jengoni kukomboa mateka, chini ya amri inayojulikana, si sawa na askari kanzu wanaozunguka mitaani kwa gari lisilo na alama, wasiojulikana wanaripoti kwa nani. Hao wa pili ndio tumekuwa tukiwaunda na kuwavunja bila kukoma. Kulikuwa na Kwekwe iliyopambana na kundi haramu la Mungiki, hadi mwaka 2009 mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alipotoa ripoti yake kali kuhusu mauaji ya kiholela yanayofanywa na polisi. Kulikuwa na Flying Squad. Kisha SSU. Jina hubadilika, maafisa huhamishwa, na baada ya muda malalamiko yaleyale hurudi.

Kwa nini basi wakazi wengi wa Kayole, Dandora na Mathare huwaunga mkono askari hao? Si kwamba wanapenda damu. Fikiria mwenye duka aliyeporwa akitishwa kwa bastola. Anaenda kituoni, anaandikisha, anapewa namba ya OB, kitabu cha matukio. Anamtaja kijana anayemjua kwa sura. Kijana anakamatwa, anapelekwa mahakamani, anaachiliwa kwa dhamana, na wiki inayofuata wanakutana stejini. Siku ya kutoa ushahidi mwenye duka hafiki. Kesi inakufa. Yule yule kijana akipigwa risasi na askari wa mtaa, duka linafungwa saa nne usiku badala ya saa moja. Kwa mtu huyo, hotuba kuhusu haki ya kuishi iliyo katika Kifungu cha 26 cha Katiba inasikika kama maneno ya watu wanaolala penye mlinzi na lango la chuma.

Namwelewa kabisa. Bado naamini anauziwa usalama usiodumu.

Mwaka 2017 ilisambaa video kutoka Eastleigh ikionyesha mtu mwenye bastola, aliyetambuliwa kuwa askari, akimfyatulia risasi kijana aliyekwisha kuzidiwa nguvu na kulazwa chini, mchana, watu wakitazama. Katika video ile hakuna majibizano ya risasi. Tuache kwanza kama kijana yule alikuwa na hatia au la. Bunduki ya wizi mara nyingi si ya aliyeishika; kuna aliyemkodishia, kuna anayenunua simu na pikipiki za wizi, na kuna mkubwa anayechukua fungu lake. Huenda yote hayo aliyajua kijana aliyelala chini. Risasi ile ilimfunga mdomo, na mwenye bunduki wa namna hiyo hutafuta tu kijana mwingine. Zaidi ya hapo, kila mkazi wa mitaa hiyo anajua habari za marehemu kuwekewa bonoko, bunduki bandia, ili aonekane alikuwa jambazi. Mtaa ukishajua hivyo, nani atampigia polisi simu kutoa habari?

Upelelezi wa kweli tunauweza. Ushahidi ni kesi ya wakili Willie Kimani, aliyeuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake Josephat Mwenda, mwendesha boda boda aliyemlalamikia polisi aliyempiga risasi, na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri. Walikamatwa wakitoka mahakama ya Mavoko, wakafungiwa katika kituo kidogo cha polisi Syokimau. Kutoka kwenye seli kilitupwa kijikaratasi cha shashi kikiomba mke wa Mwenda apigiwe simu aambiwe wako hatarini. Miili ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Wapelelezi wakaunganisha kijikaratasi hicho, mawasiliano ya simu, DNA na maungamo ya mpasha habari wa polisi. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu pamoja na mpasha habari huyo, na Februari 2023 mmoja wa maafisa hao akahukumiwa kifo. Washukiwa walikuwa polisi wenyewe, wanaojua mbinu zote za kuficha, na bado walipatikana.

Lakini kesi hiyo ilichukua miaka sita, ikafuatiliwa na mawakili wa taifa zima. Mwenye duka wa Dandora hana wa kumfuatilia. Kwake yeye, fedha za kuwalinda mashahidi zina maana kuliko gari jipya la kikosi. Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana, iliyosukumwa kwa nguvu baada ya shambulio la Westgate la 2013, haijaziba pengo hilo, maana mwenyekiti wake anaishi mlango wa pili na majambazi.

Lipo pia suala la nani anachunguza polisi anapoua. Sheria ya mwaka 2011 inataka kila kifo kinachotokana na afisa kiripotiwe kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, lakini wanaofika kwanza na kuzunguka maiti ni wenzake. Bloga Albert Ojwang alipofariki mikononi mwa polisi Juni 2025, taarifa ya kwanza ilisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ndio uliokanusha. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya ofisi huru ya kuchunguza vifo mwaka 2017, na Ojwang alikufa kabla ofisi hiyo haijaanza kazi. Anayetaka vikosi maalumu vibaki anapaswa kuwa wa kwanza kudai ifunguliwe, kwa sababu bila mchunguzi asiye polisi, hata afisa aliyefyatua risasi kihalali hana wa kumsafisha.